Vilima tunavyo, njia ya baiskeli iko wapi?
Julai 7, 2017 Chris Froome alipita katikati ya mashamba ya mizabibu ya Burgundy, Ufaransa, akiwa na jezi ya njano ya Tour de France. Huyo ni mzaliwa wa Nairobi. Vilima vya kwanza alipanda Kikuyu, akimfuata David Kinjah.

Sasa wewe kijana jaribu kupanda kutoka Kikuyu hadi Limuru. Majanichai yapo kibao, hewa ni safi. Lakini lami inaishia kwa gurudumu lako na matatu inakupigia honi uingie mtaroni! Hapo kwenye mwinuko ndipo baiskeli huyumba, maana mwendo umepungua. Barabara mpya zinapochorwa, vijana tudai mita moja ya lami pembeni kabla kokoto hazijamwagwa.