Sauti ya Kijapani katika Gari la Bungoma

Alfajiri moja mwezi uliopita nilipanda gari Kitale kwenda Bungoma. Gari lenyewe ni Probox, lile dogo la Toyota ambalo huko bara limekuwa ndilo punda wa kila mtu: hubeba mahindi, hubeba kuku, hubeba wagonjwa, na hubeba abiria kuliko idadi iliyoandikwa ubavuni. Dereva akatia ufunguo, akauzungusha, na kabla injini haijapata pumzi ikatoka sauti ya mwanamke, tulivu, yenye adabu zote: "Kādo ga sōnyū sarete imasen."

Nikamwuliza dereva anasemaje bibi huyo. Akanijibu bila ya kusita: "Anatuambia tufunge mikanda, mzee." Mama aliyekaa nyuma na kapu lake akakataa, yeye aliambiwa na mwanawe kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi. Kijana mwingine akasema ni onyo kwamba mafuta yamepungua. Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, na mabishano hayajesha. Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba dereva yule aliyajua maneno yale kwa moyo. Aliyatamka pamoja na mashine, herufi kwa herufi, kama mtoto wa chuoni anavyomfuata maalimu.

Nikaikumbuka siku niliyokaa jamvini na Juzuu Amma mapajani, miaka ya sabini, nikisoma sura nzima nzima kwa sauti ya juu na maana sizijui. Sifananishi, hasha, maneno ya Mola si ya mashine, na kuyasoma ni ibada hata kwa asiyeyafahamu. Nasema tu kwamba naijua hali ya ulimi kutangulia na akili kubaki nyuma. Ila sisi tulikuwa na maalimu wa kumwuliza, na baadaye tukapata tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, tukafungua na kuona tulichokuwa tukikihifadhi. Dereva wa Kitale, je, afungue kitabu gani?

Nilipofika Bungoma nilimpigia simu mpwa wangu aliyepata kusoma Japani. Akacheka sana. Kumbe bibi yule husema: "Kadi haijaingizwa." Ni kadi ya kulipia ushuru wa barabara kuu za kwao, mfumo walioueneza nchi nzima tangu mwaka 2001, ili gari lipite kizuizini bila ya kusimama. Barabara zile haziko Bungoma, kadi ile haiko Bungoma, lakini kila alfajiri bibi anaidai.

Gari hilo, msomaji, halikutengenezwa kwa ajili yetu. Probox lilianza mwaka 2002 kwa soko la kwao, liwafae wachuuzi na mafundi wa Kijapani. Limetufikia kwa kuwa wao, kama sisi, hupita mkono wa kushoto na usukani wao uko kulia, na sheria yetu inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8. Linashuka bandarini Mombasa, hapa kwetu, na mtu wa kwanza kuisikia sauti ile katika ardhi ya Kenya ni kijana wa Kipwani anayelitoa melini. Redio yake imeundwa kushika mawimbi ya Japani, kuanzia 76 hadi 90, na ya karibuni hadi 95; basi idhaa zetu nyingi hazisikiki mpaka fundi atie kifaa cha kuyageuza mawimbi. Ramani iliyomo ni ya Japani tupu. Na ukitoa betri, kioo kingine hujifunga kikadai kadi au namba ya siri, kwa maandishi ambayo fundi wa Bungoma huyasoma kama mtu asomaye nyayo mchangani: hajui herufi, anajua mahali. "Kitufe cha tatu kutoka chini," aliniambia mmoja, "halafu kile chenye alama kama nyumba iliyoanguka." Nilimheshimu sana kijana yule. Lakini nilisikitika.

Jambo hili si geni Kitale. Mwaka 1994 nilimzuru shemeji yangu aliyekuwa na duka huko, na jirani yake alikuwa na chumba chenye televisheni moja, mashine ya michezo ya vidio, na watoto wamejaa hadi mlangoni, kila mmoja na shilingi yake mkononi. Nilidhani ni michezo ya Kimarekani. Sivyo. Mashine ile ilikuwa nakala ya bei rahisi ya Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983. Wamarekani walipouziwa ya kwao, kuanzia mwaka 1985, walibadilishiwa umbo: kaseti ya Kijapani ina meno 60, ya Kimarekani ina meno 72, na moja haiingii katika tundu la nyingine. Wale walioiga mashine na kuisambaza duniani waliiga ile ya meno 60. Ndiyo maana mtoto wa Kitale alicheza michezo ambayo mtoto wa Chicago hakuuziwa.

Ulikuwako mchezo wa vifaru unaolinda sanamu ya tai, Battle City wa kampuni ya Namco, wa mwaka 1985. Haukutolewa rasmi Marekani kwa mashine ile. Ulikuwako Nuts & Milk wa Hudson Soft, wa mwaka 1984. Na ulikuwako mmoja nilioupenda mimi, Binary Land, wa kampuni hiyohiyo mwaka 1985: ndege wawili wa baridi, dume na jike, wametenganishwa na ukuta. Ukimpeleka mmoja kulia, mwenziwe huenda kushoto. Na hawashindi mpaka wafike pamoja, kwa wakati mmoja, kwenye moyo uliofungwa juu. Mshairi gani wa Kipwani asingeufahamu mchezo huo bila ya kuelezwa?

Najua wizi ni wizi, na mafundi walioiumba michezo ile hawakupata hata senti kutoka chumba kile. Hilo silitetei. Nasema lililotokea.

Tena angalia ni michezo gani iliyovuka bahari. Ni ile isiyo na maneno. Kifaru hakihitaji mkalimani. Lakini Wajapani wana michezo mingine ambayo ni hadithi tupu, mtu husoma kama asomaye riwaya, na hiyo mingi ilibaki kwao. Uko mmoja, Mother 3, uliotungwa na mwandishi Shigesato Itoi na kutolewa mwaka 2006, wa mtoto aliyefiwa na mama yake. Nintendo hawajautoa rasmi nje ya Japani. Wapenzi wake wakaketi, bila ya ujira, wakaufasiri wote kwa Kiingereza, na tafsiri yao ikatoka mwaka 2008. Kwa Kiingereza, nasema. Kwa Kiswahili, sisi tunaosema lugha yetu ni ya mamilioni, nani aliketi?

Wako wenzangu wa gazetini wanaolaumu: ati Wajapani ni wachoyo, huficha vitu vyao vizuri. Mimi silioni hilo kuwa choyo. Naliona ni jambo la kuonewa wivu. Mtu kaunda mchezo kwa ajili ya mtoto wa mtaani kwake, kwa maneno ya nyanya yake, hakumwuliza London wala New York kama utauzika. Sisi tumegeuza: kijana wetu akitaka kuunda programu ya simu, neno la kwanza analiandika kwa Kiingereza, hata kama mnunuzi wake ni mama muuza samaki wa Kongowea. Tunalo bao, mashimo 32 na kete 64, lina namua na mtaji, lina nyumba na kichwa na takata. Bao hilo likitiwa katika simu, na litiwe kwa maneno hayohayo, liwe la wazee wa barazani Lamu na Unguja kwanza. Mgeni akilitaka atajifunza, kama yule dereva alivyojifunza "sarete imasen".

Na magari nayo. Wanaoyaleta ni wafanya biashara, wengi wao hapahapa Mombasa, na faida wanaipata. Hawashindwi kumlipa mtu mmoja anayejua Kijapani atunge kijitabu cha kurasa kumi kwa Kiswahili: kitufe hiki ni hiki, neno hili ni hili, taa hii ikiwaka simama. Leo bibi anaomba kadi, na tunacheka. Lakini kuna siku anasema jambo lingine, na dereva mwenye roho kumi nyuma yake hajui kama amesifiwa au ameonywa.

Jioni nilirudi Kitale na gari lilelile. Nilikaa mbele, na kabla hatujaondoka nikamweleza dereva yote, maana ya kila neno, na barabara za Japani, na kizuizi kinachojifungua chenyewe. Alisikiliza kwa makini, mkono kwenye ufunguo.

"Kwa hiyo miaka hii mitatu ananiomba kadi tu?"

"Kadi tu, mwanangu."

Akafikiri. Akaniuliza: "Sasa mzee, hiyo kadi inauzwa wapi?"