Jina Kubwa si Ushahidi: Kuhusu Utunzi wa Te Deum

Wapo wahakiki ambao hadi leo huurudia usimulizi kwamba Te Deum, wimbo mkongwe wa Kilatini wa kumtukuza Mungu, ulizuka papo hapo mjini Milano mwaka 387, Askofu Ambrosi alipokuwa akimbatiza Augustino: mmoja akitoa mstari, mwingine akipokea, kama watambaji wa ngonjera. Usimulizi huo ni mtamu. Utamu, hata hivyo, si ushahidi.

Kwanza, Augustino mwenyewe ameusimulia ubatizo wake katika kitabu cha tisa cha Maungamo. Anazitaja nyimbo za kanisa la Milano na machozi zilizomtoa. Hasemi kwamba yeye na askofu wake walitunga wimbo wowote. Habari hiyo inajitokeza mwishoni mwa karne ya 8, miaka 400 hivi baadaye. Shahidi wa namna hiyo hasikilizwi katika baraza lolote.

Pili, na hili ndilo linalomhusu mhakiki wa fasihi hasa, fani yenyewe inakataa. Deus creator omnium, wimbo ambao Augustino anamtaja Ambrosi kuwa mtunzi wake, una beti nane. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo silabi nane. Msomaji wa tendi za Kiswahili, aliyezoea vipande vinne vya mizani nane, ataitambua nidhamu hiyo mara moja, ingawa Kilatini cha Ambrosi kilipima pia urefu wa irabu. Te Deum hauna beti wala mizani ya aina hiyo. Ni nathari yenye mahadhi, na sehemu yake ya mwisho imeshonwa kwa aya za Zaburi.

Mwishoni mwa karne ya 19, Germain Morin alimpendekeza Niseta, askofu wa Remesiana, kwa kuwa hati kadhaa za Ireland zinamtaja. Hoja yake ilikuwa na uzito kuliko ngano ya Milano, lakini nayo imetiliwa shaka.

Je, kuna hasara gani? Wanaong'ang'ania jina kubwa hudhani kwamba wimbo usio na baba hauna heshima. Kwa kweli wao ndio wanaouvunjia heshima, kwani hawauoni uzuri wake mpaka uvikwe kilemba cha ukoka. Basili Mkuu, akiandika katika karne ya 4 juu ya wimbo wa kuwashia taa za jioni, alikiri kwamba mtunzi wake hajulikani, na bado akautumia kuthibitisha imani ya kale. Kwake, vinywa vya waumini vilitosha.

Wasomi wa Kiswahili hawana udhuru. Kadhia ya tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo imewafunza jinsi jina la shujaa linavyovuta mashairi kama sumaku. Utungo na upimwe kwanza kwa arudhi, lugha na hati. Jina lije mwisho, kama litakuja.