SHAMBA NA MAARIFA: Muiri, Mti wa Kupanda Nyumbani

Juma lililopita tulizungumza juu ya matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Juma hili nataka kuwaeleza habari za mti mmoja wa nchi yetu wenyewe, ambao hukaa na majani ya kijani mwaka mzima, kiangazi na masika. Wakikuyu huuita muiri, Wameru huuita mweria, Waluhya husema mwiritsa, na Wakalenjin tendwet. Katika safu hii nitatumia jina la muiri, lakini kila msomaji na autambue kwa lugha ya kwao.

Wengi wetu tumezoea kufikiri ya kuwa mti wa kupanda ni ule ulioletwa kutoka ng'ambo, kama mkaratusi au mgrivea, na ya kuwa miti ya asili ni ya msituni tu, hujiotea yenyewe. Fikira hiyo yafaa isahihishwe. Muiri huota vizuri shambani mwa mtu akiutunza, tena hukua upesi kuliko miti mingi ya asili.

KUUTAMBUA

Muiri ni mti wa nchi za milima. Hapa Kenya huonekana zaidi mahali palipoinuka yapata mita 1,500 hadi 2,700 juu ya bahari, penye mvua ya kutosha: Mlima Kenya, Nyandarua, Kakamega, Nandi na Cherangani. Nje ya Kenya hupatikana toka Kameruni hata Afrika Kusini, na Madagaska pia. Wataalamu huuhesabu katika jamaa moja na mplamu na mpichi. Anayekaa pwani au katika nchi kavu asijisumbue nao. Huko iko miti mingine inayofaa zaidi.

Gome lake ni jeusi, gumu, lililopasuka vipande vipande. Majani yake yang'aa, na kikonyo cha jani kina wekundu. Ukilifikicha jani mkononi utasikia harufu kama ya lozi chungu. Harufu hiyo ni dalili ya sumu iliyomo, kwa hiyo watoto wakanywe wasitafune majani wala mbegu.

FAIDA ZAKE

Wazee wetu walichonga kwa mti huu mipini ya majembe na mashoka, na vinu na michi, kwa sababu mbao zake ni ngumu. Maua yake madogo meupe hupendwa na nyuki. Mwenye mizinga atafurahi. Matunda yake huliwa na ndege na nyani. Majani yaangukayo hurutubisha udongo, na kivuli chake ni kizuri kwa watu na mifugo. Kuhusu gome lake nitasema mbele, kwa maana hapo ndipo penye neno zito.

KUOTESHA MBEGU

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: mbegu ya muiri haiwekeki akiba kama mahindi. Ikikauka, hufa. Mtu akiiweka katika kopo darini akingoja mvua za mwaka ujao, atapanda mbegu zilizokufa, kisha atasema udongo ni mbaya. Yachume matunda yakigeuka kuwa mekundu ya kiza, uyafikiche ndani ya maji mpaka nyama itoke, uzikaushe mbegu kivulini kwa muda mfupi tu, na kuzipanda mara moja.

Tengeneza kitalu mahali penye kivuli, kwa udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga kidogo. Zifukie mbegu kidogo tu, uzifunike kwa nyasi kavu, na umwagilie maji kila siku bila kuutia udongo tope. Usikate tamaa usipoona kitu upesi, kwa maana huenda zikachukua mwezi mmoja hata miwili kuchipua. Zikichipua, ondoa nyasi, na miche ikipata majani mawili matatu ihamishie katika makopo yaliyotobolewa chini au vifuko vya kuoteshea miche. Punguza kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Asiyepata mbegu aweza kutafuta miche iliyojiotea chini ya mti mkubwa katika shamba la jirani, kwa idhini yake; aing'oe siku ya mvua pamoja na udongo wake. Au na aulize katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu iliyoko Muguga, au ofisi ya misitu iliyo karibu naye.

KUPANDA NA KUTUNZA

Miche ikifika urefu wa futi moja hivi, iko tayari. Chimba mashimo kabla ya mvua kubwa za Machi na Aprili, kila shimo kina cha sentimeta 45 na upana kama huo. Udongo wa juu uweke kando ya udongo wa chini. Changanya ule wa juu na samadi iliyooza, urudishe kwanza penye mizizi. Mvua ikiisha kulowesha ardhi sawasawa, panda. Usipande kwa mvua ya siku moja.

Mahali pa kupanda pana maana kubwa. Muiri hupita mita 20 kwa urefu. Usiupande ukutani mwa nyumba kwa kuwa leo ni mdogo kama kijiti. Uache nafasi ya hatua 15 au zaidi. Wala usiupande juu ya mpaka kabla ya kupatana na jirani, kwa maana mti wa mpakani huzaa kesi, na watakaoirithi kesi hiyo ni wana wenu.

Katika miaka miwili ya kwanza mti ni kama mtoto mchanga. Palilia duara la mita moja kuuzunguka, weka nyasi kavu za kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse shina. Zungushia miiba, maana mbuzi mmoja kwa dakika moja huharibu kazi ya mwaka mzima. Katika kiangazi cha kwanza mpe kila mche debe moja la maji kwa juma. Matawi ya chini yapunguzwe yangali membamba ikiwa wataka shina lililonyoka. Samaki mkunje angali mbichi.

HABARI YA GOME

Sasa nafika kwenye neno nililoahidi. Tangu zamani wazee walichemsha gome la muiri kuwa dawa. Tangu miaka ya 1970 watengenezaji wa dawa wa Ulaya wamelinunua kwa wingi, kwa sababu hutoa dawa ya ugonjwa wa tezi unaowasumbua wanaume wazee wakashindwa kukojoa vema. Kwa ajili ya biashara hiyo miti isiyo na idadi ilichunwa katika misitu ya Afrika. Mwaka 1995 mti huu uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa mataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini, hata ikawa gome haliuzwi nje ya nchi bila kibali.

Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila boma. Naliona boma moja ambalo muiri uliopandwa na babu ulisimama mkavu, mweupe kama mfupa. Mwenye boma alikuwa kazini mjini. Mnunuzi alikuja na magunia, akawapa vijana fedha zisizotosha hata karo ya muhula mmoja, nao wakauchuna mti pande zote tangu chini hata penye matawi. Mama yao alidhani ni gome tu, litaota tena. Mwaka uliofuata majani yakapukutika, na kivuli alichokuwa akipukuchulia mahindi kikaisha.

Yafaa kila mtu wa nyumbani aelewe sababu. Chakula cha mti hutengenezwa katika majani, nacho hushuka mizizini kwa njia iliyo ndani ya gome. Ukilichuna gome kulizunguka shina lote, umeikata njia hiyo. Mizizi hufa njaa, kisha mti mzima hufuata. Huko Kameruni kanuni iliyowekwa ilikuwa kuchuna robo mbili tu za mzunguko wa shina zinazoelekeana, katika mti wenye unene wa sentimeta 30 na zaidi, kisha kuuacha miaka kadhaa upone. Hata hivyo miti mingine ilidhoofika na kuliwa na wadudu. Basi kwa mwenye mti mmoja au miwili nyumbani, shauri langu ni kuuacha na gome lake.

Kadhalika nawasihi wazee: mtu akipata shida ya kukojoa, asijifungie nyumbani na sufuria ya magome. Dalili hizo zaweza kuwa za tezi tu, nazo zaweza kuwa za saratani, na anayeweza kuzitofautisha ni daktari aliyempima. Aende hospitali mapema.

Ninyi mnaofanya kazi mijini na kuacha mashamba mikononi mwa wake na wana, msiwapelekee fedha peke yake. Wapelekeeni na maarifa haya. Mti ulio ndani ya shamba lako ni mali yako, lakini mali isiyojulikana thamani yake na walio nyumbani huuzwa kwa bei ya mgeni. Mwonyesheni kila mtoto mti wake, ajue jina lake na kazi yake, naye atakuwa mlinzi wake mkitoka.

Mvua hazingoji mtu. Atakayechimba mashimo mapema atapanda kwa wakati. Atakayengoja kuona mawingu atapanda tope. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mti mkubwa ukiuona umesimama, ujue yuko mtu aliyeuzungushia miiba.