Taa za Mashua Usiku

Wako wadhanio kwamba taa ya mashua ni ya kummulikia njia aliye ndani yake. Kazi yake hasa ni kuwajulisha wengine alipo na aendako.

Sheria ya mataifa ya kuzuia vyombo kugongana baharini, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, humshika mwenye mashua ya matembezi kama imshikavyo nahodha wa meli. Tangu jua kuchwa hata kucha, chombo kiendacho huonyesha taa nyekundu ubavu wa kushoto, ya kijani ubavu wa kulia, na nyeupe ionekanayo kutoka nyuma. Aonaye nyekundu na kijani pamoja hujua kwamba chombo chamjia uso kwa uso.

Katika chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni sharti zionekane umbali wa maili 1 ya bahari, na nyeupe maili 2. Mashua ya tanga isiyofika mita 7, isipoweza kuchukua taa hizo, na iwe na tochi au fanusi nyeupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema. Meli kubwa haisimami upesi. Tochi itafutwayo shehenani wakati meli imekwisha karibia haimwokoi mtu.