Wiki Ipi? Hesabu ya Chakula Msimbati na Uongo wa Semina za Bajeti

Miezi kadhaa iliyopita nilikaa chini ya mwembe katika kijiji cha Msimbati, kilomita arobaini hivi kutoka Mtwara mjini, nikisikiliza mafunzo ya bajeti ya kaya. Mwezeshaji, kijana msomi na mwenye nia njema, alitundika bango kitita kwenye shina la mti, akaandika kwa wino mwekundu: "Kaya ndogo itumie kiasi gani kwa chakula kila wiki?" Kisha akayagawa mapato mafungu matatu: nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa matakwa, asilimia 20 kwa akiba. Kanuni hiyo ilipata umaarufu huko Marekani, miongoni mwa watu wanaopokea mshahara kwa tarehe inayojulikana. Kina mama walimsikiliza kwa adabu. Mwishoni bibi mmoja akanyoosha mkono: "Mwanangu, wiki ipi hiyo? Ya bamvu au ya maji mafu?" Mwezeshaji akatabasamu, watu wakacheka, swali likapita. Halikuandikwa kwenye bango.

Ndugu msomaji, siku ile nzima hapakuulizwa swali la kitaaluma kuliko hilo. Nimeliandikia makala haya kwa sababu wengi wenu ni wanafunzi wangu, au watumishi wa halmashauri, au wanaharakati ambao kesho mtatumwa kwenye kijiji kama hicho mkiwa na bango kama lile. Hoja yangu ni moja: kumuuliza maskini atumie kiasi gani, bila kuuliza kwanza anapata nini, lini, na kwa uamuzi wa nani, si elimu ya fedha. Ni namna ya heshima ya kumlaumu.

Tuanze na swali la bibi. Wiki ya kalenda ina siku saba. Wiki ya jikoni Msimbati hufuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvu: maji hupwa mbali, miamba hubaki wazi, na wanawake hushuka kuchokoa pweza na kuokota chaza. Siku hizo kitoweo hupatikana bila shilingi, na pweza wa ziada huuzwa kwa wachuuzi. Pweza wa pwani yetu husafirishwa hadi Ulaya. Katikati ya bamvu mbili ni maji mafu. Maji hayapwi vya kutosha, mwamba haufikiki, na kitoweo sharti kinunuliwe. Juu ya mzunguko huo upo wa pepo: kusi ikishika, bahari huchafuka na vyombo vidogo hukaa ufukoni siku nyingi. Na juu ya huo upo wa korosho, ambayo fedha yake huja msimu mmoja tu kwa mwaka, baada ya mnada, na kwa sharti kwamba chama cha msingi kimelipwa nacho kimelipa.

Maana yake ni hii. Kaya ya Msimbati huhitaji fedha nyingi zaidi za chakula katika wiki ileile ambayo inapata fedha kidogo zaidi. Mtumishi wa umma hana wiki ya namna hiyo. Mshahara wake haupwi wala haujai kwa mwezi wa angani. Ukimpa kila mmoja wao wastani wa matumizi kwa wiki, mtumishi utakuwa umempa kipimo, lakini mvuvi utakuwa umempa kitendawili.

Mwezeshaji alisema pia kwamba kina mama "wanapoteza fedha" kwa kununua kidogo kidogo: mafuta ya kupima, sukari ya kufunga kwenye kikaratasi, fungu la nyanya, unga wa kutosha usiku mmoja. Ni kweli kwamba mwenye kununua kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayebeba mfuko mzima. Lakini si ujinga unaomfanya anunue hivyo. Anayenunua mafuta ya mia tano ana mia tano mkononi. Tofauti ya bei anayolipa ni kodi ya kutokuwa na akiba, na kodi hiyo hulipwa na maskini peke yake. Siku mkono ukiwa mtupu, jina huandikwa kwenye daftari la mwenye duka, na deni hilo ndilo hula fedha ya bamvu ijayo kabla haijafika jikoni.

Sasa tuitazame hesabu ya serikali yenyewe, maana sitaki nionekane ninabishana na namba. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa chakula kuwa shilingi 33,748 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, na mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320. Chukua kaya ndogo ya baba, mama na watoto wawili. Tuwahesabu watoto wale kuwa sawa na mtu mzima mmoja. Kwa mstari wa chakula, kaya hiyo ingehitaji shilingi 101,244 kwa mwezi, yaani kama 23,400 kwa wiki, au 3,300 na kidogo kwa siku kwa kaya nzima. Hizo ni bei za wakati ule. Ukiongeza asilimia nne tu kwa kila mwaka kwa miaka saba, utakaribia 31,000 kwa wiki.

Hilo basi ndilo jibu la bango, kama mtu anataka namba. Lakini aisome namba hiyo mpaka mwisho. Katika mstari wa mahitaji ya msingi, chakula peke yake huchukua shilingi 68 katika kila 100. Zinazobaki kwa mtu mmoja ni shilingi 15,572 kwa mwezi, kama 519 kwa siku, na humo ndimo mna sabuni, nguo, mafuta ya taa, nauli ya kwenda Mtwara, daftari la mtoto, dawa na sanda. Nusu ya mahitaji iko wapi hapo? Asilimia 30 ya matakwa itakatwa kwenye sahani ipi? Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alikwisha kuonyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya mapato yake. Jambo hilo lina umri wa zaidi ya miaka 160, na bado tunawaendea watu tukiwa na kanuni inayodhani kwamba chakula, nyumba na matibabu kwa pamoja vitatosha katika nusu ya kipato.

Tena mstari ule ni wa kitaifa. Haujui mchanga wa njia ya Msimbati wala nauli ya gunia la unga. Haujui kama mwezi huu ni wa kusi. Ni chombo kizuri cha kulinganisha miaka na mikoa. Hakikutengenezwa ili kimwambie mama mmoja apike nini Jumanne.

Nani basi huamua sufuria ya Msimbati? Tuhesabu. Mwaka 1982 gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi, mlangoni mwa kijiji hiki. Mwaka 2000 pwani hii ikawekwa ndani ya hifadhi ya bahari, pamoja na maingilio ya Mto Ruvuma. Siupingi uhifadhi, maana bahari iliyopigwa baruti haimlishi mtu, lakini kila sharti la nyavu na la eneo ni uamuzi juu ya kitoweo cha mtu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kudai wanufaike na gesi, na damu ikamwagika. Mwaka 2015 bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa. Gesi inasafishwa Madimba, jirani kabisa, huku akina mama wengi wa vijiji hivi wakiendelea kupikia kuni. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na ikapeleka jeshi kuikusanya. Wapo wakulima waliongoja fedha yao hadi mwaka uliofuata. Uamuzi wote huo uliingia jikoni. Hakuna hata mmoja uliofanywa na mwenye jiko.

Najua nitajibiwa: "Mwalimu, unawatetea mno. Msimu wa korosho fedha huishia kwenye ngoma za unyago, kwenye pombe na kwenye kubeti." Sikatai. Nimeona fedha ikiyeyuka, na nimeona baba akirudi mikono mitupu huku mkewe akiwa amekopa unga. Ulevi wa mwenye nyumba ni dhuluma kwa watoto wake, na usemwe hivyo. Lakini ngoma ni jambo jingine. Anayeleta unga na kuku kwenye unyago wa jirani leo anaweka haki ya kuletewa kesho atakapofiwa au kuugua. Mahali ambapo benki iko mbali na bima ni neno la redioni, jirani ndiye akiba. Anayeiita hiyo anasa ajiulize kwanza anachangia harusi ngapi kwa mwaka kwa simu yake.

Jambo lililonitia uchungu zaidi ni ulinganisho huu. Tarehe 1 Mei 2025 serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Sina kinyongo, mwalimu wa shule ya msingi anastahili zaidi. Ila tazameni mantiki yake. Gharama za maisha zilipombana mtumishi, jibu lilikuwa kipato. Hakuna aliyemwita chini ya mwembe kumfundisha kugawa mapato mafungu matatu. Gharama zilezile zinapombana mvuvi, jibu ni semina. Na semina yenyewe ina gari, mafuta na posho. Wasomaji wangu watumishi wa umma wanakijua kiwango cha posho ya kujikimu ya siku moja. Wakigawanye kwa 23,400, wajionee ni wiki ngapi za chakula cha kaya nzima zililiwa siku ile na mafunzo ya kubana matumizi.

Sipendi kulalamika bila kupendekeza. Kwanza, halmashauri na Ofisi ya Taifa ya Takwimu watoe gharama ya kapu la chakula kwa kila wilaya na kwa kila msimu, ili tujue mwezi wa njaa ni upi na una bei gani. Pili, malipo yafuate njaa. Ruzuku ya TASAF imekuwa ikitolewa kila baada ya miezi miwili. Katika vijiji vya uvuvi ipangwe iwahi miezi ya kusi, na fedha ya korosho iwe na siku ya mwisho ya kulipwa ambayo mkulima anaweza kuidai mahakamani. Tatu, liwepo barafu na ghala la baridi, ili samaki wa bamvu asiuzwe kwa bei ya kutupa kwa kuogopa kuoza. Nne, sheria inaruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma kwa mapato ya kampuni; sehemu ya ushuru wa makampuni yanayovuna gesi hapa itengwe wazi kwa chakula cha mchana cha shule za vijiji vinavyoizunguka. Mtoto akila shuleni siku tano, wiki ya maji mafu inakuwa fupi.

Nanyi mtakaotumwa, nendeni. Lakini bangoni andikeni kwanza swali la bibi, kisha kaeni chini muandike majibu yake: nani anapata nini, katika maji yapi, anamdai nani, anadaiwa na nani. Karatasi hiyo msiiache chini ya mwembe. Irudisheni wilayani, muiweke mezani kwa anayepanga bajeti kubwa, na mumwombe aeleze yeye anavyogawa mafungu yake.