Bila Kikomo, Mpaka Tarehe Kumi na Tisa

Nianze na tusi, halafu nieleze kwa nini nimetukana. Neno "bila kikomo", kama linavyoandikwa siku hizi kwenye matangazo ya intaneti za majumbani, ni neno la kitapeli. Nasema hivyo nikiwa nimekaa barazani kwetu Mwananyamala, mfukoni nina risiti ya mwezi huu, na huko sebuleni luninga inazungusha kile kiduara chake kama mganga anayetafuta mchawi.

Washikaji wa kijiweni wananiambia niache kulalama, niandike hadithi. Hadithi nitaandika. Lakini ndugu zangu, sisi tunaojiita waandishi chipukizi, tunaokesha tukigombana juu ya vina na mizani na juu ya nani kakiharibu Kiswahili, watangazaji au wanamuziki, mbona neno linachinjwa mchana kweupe na hatusemi kitu? Kikomo ni mwisho. Kitu kisicho na kikomo hakina mwisho. Hata mtoto wa chekechea anajua. Sasa hebu chukua mkataba wa intaneti tuliofungiwa nyumbani. Juu, kwa maandishi makubwa kama ya duka la vitenge: BILA KIKOMO. Chini, kwa herufi za sisimizi: "sera ya matumizi ya haki", ambayo maana yake ni kwamba ukishatumia GB 200 ndani ya mwezi, spidi inashushwa kutoka megabiti 20 kwa sekunde mpaka megabiti 1.

Matumizi ya haki. Haki ya nani? Na hapo siapi, nauliza.

Maana nilikaa na kalamu nikapiga hesabu, mimi niliyekimbia hesabu tangu kidato cha pili. Baiti moja ina biti nane. GB 200 basi ni megabiti milioni 1.6. Gawa kwa ile spidi ya 20 waliyoniuzia, unapata sekunde 80,000. Hizo ni saa 22 na ushei. Yaani, bwana, ile spidi ninayoilipia kwa siku 30, nikiitumia yote kama nilivyoahidiwa, mwezi wangu unaisha kabla jogoo wa kesho hajawika! Nimeuziwa gari la mbio lenye tangi la kiberiti, na muuzaji kaandika ubavuni "safari haina mwisho".

Mtu atasema: kijana, punguza jazba, nani anatumia spidi yote muda wote? Sawa. Tuje kwenye luninga, maana ndiyo inayokula.

Nyumbani tupo sita: mama, mimi, mdogo wangu wa kike, kaka na shemeji na mtoto wao wa miaka minne. Intaneti tunachangia mimi na kaka. Julai hii GB 200 zilikwisha tarehe 19. Tarehe 23 mdogo wangu alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video, wa kwanza tangu amalize chuo. Alivaa blauzi ya kuazima, akafunga mlango, akaegemeza simu kwenye kopo la maziwa. Dakika ya tatu picha ikaganda. Wale mabwana upande wa pili wakabaki wanatazama sura ya binti aliyeachama mdomo kama samaki wa Feri, sauti inakuja vipande vipande. Akakata, akapiga tena, ikaganda tena. Mara ya tatu wakamwambia kwa upole kwamba watamtafuta. Hawajamtafuta. Siwezi kuapa kwamba kazi angeipata, waombaji wa siku hizi ni wengi kuliko abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Lakini najua alichokosa: alikosa kusikika. Na muda ule ule, sebuleni, mtoto wa kaka alikuwa akitazama katuni.

Basi nikafanya kile ambacho ningefanya mwanzo wa mwezi. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, ule ambao anwani yake imebandikwa chini ya kisanduku chenyewe pamoja na nywila, nikasoma orodha ya waliounganishwa. Vifaa kumi na moja! Tupo sita, na mmoja hana hata meno kamili. Vitatu vilikuwa vya jirani. Nywila tulimpa siku ya msiba wa baba, alipotusaidia kutangaza kwa ndugu wa Tanga na Songea, na matanga yalipoisha nani angekuwa na uso wa kumwambia arudishe? Kingine kilikuwa kile kidude kilichochomekwa nyuma ya luninga. Mama akimaliza tamthilia yake anabonyeza kitufe cha luninga, kioo kinakuwa cheusi, anakwenda kulala na moyo mweupe. Kumbe luninga ndiyo imelala, kidude kinakesha. Katuni ikiisha kinaleta nyingine, na nyingine, gizani, hakuna anayetazama. Nimekiona kwa macho yangu saa tisa usiku kinahesabika kuwa ndicho mlaji mkubwa kuliko wote nyumbani.

Hapo ndipo anapoingia mshairi mmoja wa kijiwe chetu, jina namfichia, ambaye kwenye kikao cha kusomeana alisema kijana anayeishiwa bando ni kijana asiyejua kujizuia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza siku hiyo, leo namjibu.

Kaka, umepotoka. Kwanza intaneti ya kwenu analipa mjomba. Pili, hujui chombo kinavyofanya kazi. Hizi huduma za filamu hazisubiri wewe uchague ubora wa picha. Filamu inakatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kimehifadhiwa kwa ubora wa aina kadhaa, na programu inapima: bomba la nyumba hii lina upana gani? Likiwa pana inavuta kipande kizito zaidi. Hivyo ndivyo ilivyopangwa toka kiwandani. Ukiongezewa spidi, ndivyo unavyofika kikomoni haraka. Anayekuuzia spidi na anayekuwekea kikomo ni mtu yule yule, na wewe unamhubiria mama yangu habari za kujizuia?

Netflix wenyewe wanasema wazi: ubora wa kawaida unakula takriban GB 1 kwa saa, ubora wa juu mpaka GB 3, na ule wa juu kabisa mpaka GB 7. Kwa GB 200, hiyo ya 3 inakupa saa 66, yaani saa mbili na robo hivi kwa siku kwa nyumba nzima. Ya 7 inakupa saa 28, tamthilia moja ndefu na mwezi umekwisha. Lakini ukiingia kwenye akaunti, sehemu ya mipangilio ya kutazama, ukachagua kiwango cha kati, wanasema inakuwa kama GB 0.7 kwa saa. Hapo unapata saa 285. Luninga ile ile, bei ile ile! Na luninga zetu hizi za inchi 32 tulizonunua Kariakoo kwa kudunduliza, nyingi kioo chake hakiwezi hata kuonyesha ile picha kamili inayoletwa. Unamimina debe la maji kwenye kikombe cha chai, linalomwagika unalipia.

Sikatai kwamba nasi tuna la kujibu. Mimi mwenyewe nilikuwa mshamba wa kwanza. Desemba 18, 2022, fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa, nikasema mimi ni mtu wa kisasa, natazama kwa intaneti, king'amuzi ni cha wazee. Goli la kwanza la Mbappé nililisikia kupitia ukutani kwa jirani, ndipo nikaliona kwangu, maana picha ya intaneti huwa inachelewa nyuma ya ile ya antena. La pili likafuata kabla dakika mbili hazijapita, ukuta ukanitangulia tena. Dakika 120 zikaisha, 3 kwa 3, na bando langu nalo likaisha. Penalti nilizitazama nimesimama dirishani kwa huyo huyo jirani, kama mtoto anayeomba maandazi.

Nimelifikiria jambo hilo sana tangu hapo. Antena ya jirani haikuhesabu nani anatazama. Mnara unatupa mawimbi hewani mara moja tu, wakitazama kumi au milioni, gharama ya mnara ni ile ile. Intaneti sivyo. Mimi na jirani tukitazama mechi moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa kawaida anatumiwa nakala yake, na kila mmoja anakatwa GB zake. Zanzibar walipata televisheni 1973, sisi bara tukasubiri mpaka 1994, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuishiwa taarifa ya habari tarehe 19. Halafu leo nakuta kwetu taarifa ya saa mbili usiku inatazamwa kwa intaneti, wakati antena ipo juu ya bati, imetulia, kunguru wanaikalia!

Lingine ambalo mwandishi mwenzangu ulijue kabla hujanicheka. Makala hii unayoisoma, kwa maandishi matupu, haifiki kilobaiti kumi. Saa moja ya filamu ya ubora wa juu, GB 3, ni sawa na makala laki tatu kama hii. Laki tatu! Na mwaka jana kuna kijana wa kundi letu alishindwa kutuma hadithi yake kwenye shindano usiku wa mwisho kwa sababu bando la nyumbani liliisha kwenye mfululizo wa wapelelezi. Uzito wa hadithi yake ulikuwa mdogo kuliko uzito wa sekunde moja ya yule mpelelezi akifungua mlango wa gari.

Basi tusiambiane habari za kujizuia peke yake. Aprili 2021 bei za vifurushi vya simu zilipobadilishwa ghafla, watu walipiga kelele kila kona ya nchi na Serikali ikasitisha zile bei mpya. Kelele hizo zilihusu pesa. Mimi nataka zipigwe juu ya neno. Waandike "GB 200, kisha polepole". Waandike kwa herufi kubwa hizo hizo, rangi hiyo hiyo. Sitawalaumu, nitalipa, nitajipangia kama ninavyojipangia luku na mkaa. Lakini wasiniambie bahari wakati wanapima kwa kibaba.

Mimi nimeshaanza kwangu. Kidude nimekichomeka kwenye swichi ya ukutani, mama akilala nakizima kabisa. Ile tabia ya kuleta kipindi kingine chenyewe nimeifunga. Ubora nimeushusha wa kati, na kwa siku nne hakuna aliyegundua, isipokuwa kaka aliyesema picha leo imetulia. Filamu za wikiendi anayetaka anapakua mara moja kwenye simu, mtoto arudie katuni yake hata mara arobaini bila kuvuta tena. Mdogo wangu ana usaili mwingine tarehe 28, na safari hii GB zitakuwepo.

Nywila nimebadilisha jana jioni. Asubuhi hii jirani kagonga mlango, ndala mguuni, simu mkononi. "Mwanangu, mtandao wenu umekuwaje? Tangu jana haushiki." Viti vya msiba vilitoka kwake, umeme wa turubai ulitoka kwake, na dirisha lile la penalti ni lake. Mama yupo nyuma yangu, ananitazama nitajibu nini.