Msiseme Alikuwa Anashiba

Huenda kijijini kwako yupo mtu aliyelelewa katika makao ya watoto. Labda hasemi habari za huko. Je, umewahi kumsikiliza?

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Katika darasa letu moja la jioni, karibu na soko la Kariakoo, yupo mwanafunzi anayesukuma mkokoteni. Siku moja mwalimu aliinua rula ili aonyeshe herufi ubaoni. Bwana yule alijikinga uso kwa mikono miwili. Wenzake wakacheka. Akaondoka, na hakuja darasani kwa wiki tatu.

Nilimfuata kwenye mizigo, naye akanieleza. Mama yake alipofariki, alipelekwa katika makao ya serikali. Alikuwa na miaka sita. Huko, aliyekojoa kitandani alipigwa, kisha akasimamishwa nje na shuka lake mpaka jua lichomoze. Aliyelia aliongezewa. Siku moja alimweleza mama mmoja jirani wa makao. Jibu lilikuwa hili: "Mnapewa chakula na godoro bure. Unalalamika nini?"

Jibu hilo ndilo ninalolipinga. Chakula ni haki ya mtoto, si malipo ya kupigwa. Hata ng'ombe hulishwa.

Wengine watasema kwamba watoto hupigwa kila mahali. Ni kweli. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto. Karibu vijana 3 kati ya kila 4 walisema walipigwa au kuumizwa kabla ya kufika miaka 18. Lakini mtoto wa nyumbani anaweza kukimbilia kwa bibi au shangazi. Mtoto wa makao atakimbilia kwa nani? Anayempiga ndiye mwenye ufunguo wa lango.

Nchi ya Ireland nayo ilikuwa na makao ya namna hiyo. Watoto wa huko walipokuwa watu wazima, walisema. Mwaka 1999 waziri mkuu wao aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali. Tume ilichunguza, na ripoti ya mwaka 2009 ilithibitisha vipigo vile. Wengi walilipwa fidia. Serikali haikuanguka kwa kuomba radhi.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inakataza kumtesa mtoto. Tena inamtaka kila mwenye habari za mtoto anayeonewa atoe taarifa kwa serikali ya mahali pale. Mwone mtendaji wa kijiji, au piga simu namba 116. Huhitaji kuijua sheria nzima.

Na aliyekwisha kuwa mtu mzima, usimlazimishe kusema. Akisema, usimkatize.

Bwana yule amerudi darasani. Huketi nyuma, karibu na mlango. Mwalimu sasa huonyesha herufi kwa kidole.